Mizani 16: Kutunga Mahadhi ya Sinthesaiza

Asalaam aleikum, na hamjambo nyote. Shikamooni wazee wetu mlioketi hapa mbele. Miongoni mwenu wamo waliopiga udi na fidla kabla vijana hawa hawajazaliwa, na mengi nitakayosema leo mtayatambua, ijapokuwa chombo ni kingine: sinthesaiza, kinanda cha kielektroniki kinachounda sauti zake chenyewe.

Naanza na jambo ambalo kila aliyesoma Kiswahili shuleni analijua. Mshororo wa shairi la kawaida una mizani 16: 8 za ukwapi, 8 za utao. Sasa fungua programu yoyote ya kutengenezea biti, utazame bari moja (kipimo cha mapigo 4) ya hausi, muziki wa dansi wa kielektroniki. Imegawanywa vyumba 16. Namba hiyo haikutoka kwetu. Imetokana na mapigo 4, kila pigo likakatwa mara 4. Lakini sikio la mtu wa Pwani limelelewa ndani ya urefu huohuo. Linajua nusu iko wapi, kina kinatua wapi, na mshororo ukipungua mizani moja linashtuka. Hiyo ni mali. Yasikitisha kuona kijana mwenye sikio hilo akiliacha mlangoni pindi afunguapo kompyuta.

Analoliacha ni hili: anaanza na sauti. Anapekua sauti 300 zilizowekwa tayari, anaipata moja nene inayojaza chumba kizima, anabonyeza nota mbili, na moyo unamwambia kazi imekwisha. Sauti nene humpendezesha kila mtu, hata akibonyeza ovyo. Siku ya pili anagundua hakuna mahadhi, kuna mngurumo tu. Kwa hiyo tungeni kwa sauti ya umaskini: piano kavu, au osileta (sehemu ya sinthesaiza inayozalisha wimbi la sauti) moja ya wimbi laini, bila mwangwi, bila rivabu (mvumo kama wa ukumbi). Mahadhi yakisimama hapo, yatasimama popote.

Hata kabla ya piano, anza na meza. Weka mwendo wa mapigo 125 kwa dakika, kiki (ngoma nzito ya chini) peke yake, kisha gonga kwa vidole au tamka maneno yoyote yaingiayo. Rekodi kwa simu dakika mbili, tatu. Mdomo huchagua midundo ambayo kipanya hakiwezi kuichagua, kwa sababu mdomo unahitaji pumzi na kipanya hakihitaji.

Nimechagua 125 kwa makusudi, maana hesabu yake ni nyepesi: pigo moja ni milisekunde 480, chumba kimoja 120. Tutazihitaji namba hizo baadaye.

Sasa, hapa shairi na biti vinaachana njia, na tofauti hii ndiyo inayowaangusha wengi. Katika shairi kila mizani ina silabi. Katika biti, ukijaza vyumba vyote 16 umetengeneza king'ora. Mahadhi ya kuchezwa hujaza vyumba 5 hadi 9, vilivyobaki ni pumzi. Tena kiki inagonga chumba cha 1, cha 5, cha 9 na cha 13. Nota zako zikikaa palepale, mahadhi yatatembea kama gwaride. Ziweke vyumba vya 1, 4, 7, 11 na 14. Hesabuni: hatua 3, 3, 4, 3, 3, jumla 16. Ni chumba cha 1 tu kinachokutana na kiki. Nota nyingine nne zote zinaanguka baina ya mapigo, na hapo ndipo kiuno kinapoamka. Mpango mwingine mzuri ni 1, 4, 7, 10, 13, 15. Huo unakutana na kiki mara mbili, kwa hiyo una haraka zaidi na unafaa wimbo wenye besi chache.

Twende na ule wa kwanza, tutunge ubeti mzima wa bari 4. Kordi zetu, yaani nota kadhaa zinazolia pamoja, ni A ndogo (minor), F, C, G, kila moja bari yake. Nitataja namba za MIDI pia, ambazo kompyuta huzitumia kuitambua kila nota, kwa sababu C ya katikati, ambayo ni namba 60, programu moja huiita C3, nyingine C4, nyingine C5, na watu hugombana bure.

Bari ya kwanza: A (69), C (72), E (76), D (74), C (72), kwenye vyumba vile vitano. Tazameni umbo lake: ukwapi una nota 3 zinazopanda, utao una nota 2 zinazoshuka. E ndiyo kina cha kati, C ndiyo kina cha mwisho. Bari ya pili rudia vilevile, usibadilishe hata nukta. Kordi chini imehama kutoka A ndogo kwenda F, kwa hiyo nota zilezile sasa zina rangi nyingine. C ilikuwa nota ya tatu ya kordi, sasa ni ya tano. Ile E imekuwa nusu-toni (hatua ndogo kabisa ya kinanda) chini ya F, nayo inaleta huzuni tamu. Ila angalieni: kama kordi yako ina F kwenye oktava ileile, nusu-toni moja juu ya E ya mahadhi, zitasagana kwa milisekunde 480 nzima, maana E inakaa vyumba vinne. Shusha kordi oktava moja. Usiiguse E.

Bari ya tatu, kordi ya C, ndiyo kilele. G (67), C (72), G ya juu (79), E (76), C (72). Kina cha kati kimebadilika, kina cha mwisho kimebaki. Hiyo G ya juu isikike mara moja tu katika bari 4. Kilele kikirudiwa kila bari kinakuwa uwanda. Na umbali kutoka nota ya chini kabisa hadi ya juu kabisa ni oktava moja kamili, ambao msikilizaji anaweza kuuimba akiwa kwenye tuktuk. Mkivuka hapo, mahadhi yatasikika ila hayataimbika.

Bari ya nne ni G, na hapa kina chetu C kinakufa. C haimo ndani ya kordi ya G. Imo B, nusu-toni chini yake. Ukiing'ang'ania C itasikika kama mtu aliyekosea mlango. Basi andika B (71), D (74), B (71) kwenye vyumba vya 1, 4 na 7, kisha nyamaza utao mzima. Kimya hicho si uvivu. Hapo ndipo mwimbaji ataingia, au kofi, au DJ atapachika chake. Tena B ya mwisho iko toni moja juu ya A inayoanza ubeti, kwa hiyo mzunguko unajivuta wenyewe kurudi mwanzo. Bari 4 kwa mwendo huu ni sekunde 7.68, mtu atausikia mzunguko huo mara nyingi sana ndani ya wimbo mmoja, na lazima mshono usionekane.

Mkitaka bari 8, msitunge upya. Rudieni ubeti, halafu katika bari ya 7 na ya 8 peke yake badilisheni nota moja au mbili. Kwa kawaida ninashauri kubadilisha mdundo wa bari ya 8 na kuacha nota zake, kwa sababu msikilizaji husamehe nota ngeni polepole kuliko mdundo mgeni.

Sauti sasa. Hapa wazee wangu wa taarabu nawaomba mnivumilie kidogo, maana nataka kuwaeleza vijana kuhusu taishokoto. Chombo kile kilibuniwa Nagoya, Japani, mwaka 1912, kikafika Pwani hii na kuwa sauti ya taarabu ya Mombasa, vitufe vyake kama vya taipureta. Utamu wake unatoka wapi? Kina nyuzi kadhaa za mahadhi zilizofungwa kwenye sauti moja, lakini hakuna mkono unaoweza kuzifunga sawasawa kabisa. Zinatofautiana chembe, na tofauti hiyo inameremeta. Sinthesaiza hufanya jambo lilelile kwa makusudi. Roland JP-8000 ya mwaka 1996 ilipata jina kwa wimbi lililotandaza mawimbi 7 ya meno ya msumeno kwa pamoja, na hadi leo watu wanaiga.

Kwa mahadhi yetu 7 ni mengi mno. Chukua osileta 2 za msumeno, moja ipandishe senti 7, nyingine ishushe senti 7; nusu-toni ina senti 100, kwa hiyo hii ni chembe tu. Mwanzo wa sauti (attack) uwe chini ya milisekunde 5. Ukiufanya 40, mahadhi yatasikika yamechelewa, na utahangaika kusogeza nota ambazo hazina kosa. Kushuka (decay), milisekunde 400. Kubaki (sustain), sifuri au karibu yake, ukitaka tabia ya kamba iliyochapwa. Kuachia (release), 150 hadi 200. Nota zetu zimepishana vyumba 3 au 4, yaani 360 hadi 480, kwa hiyo hewa ipo. Filta ya kupitisha sauti za chini (low-pass) iwe karibu na hezi 3,000, ukate vilevile kila kilicho chini ya hezi 180, maana hapo ni kwa besi na kiki. Na nguvu ya kubonyeza, kwenye kipimo cha 1 hadi 127: nota za vyumba vya 1 na 7 zipe 110, nyingine 80 hadi 90. Zikiwa sawa zote, hata mahadhi mazuri yanakuwa simu inayoita.

Mwangwi uwekwe vyumba 3, yaani milisekunde 360. Tazameni unavyofanya kazi: mwangwi wa chumba cha 1 unaanguka cha 4, wa 4 unaanguka cha 7, nota inakutana na mwangwi wa mwenzake na inapatana naye. Wa 7 unaanguka cha 10, chumba kitupu kabla tu ya D, na unajaza pengo kubwa. Lakini C ya mwisho ya bari ya tatu, iliyo chumba cha 14, mwangwi wake unavuka na kuanguka juu ya B ya bari ya nne. Ile C tuliyoifukuza mlangoni imeingia dirishani. Ukisikia bari ya nne ina uchafu na nota zote ziko sahihi, tafuta hapo kwanza. Funga mwangwi kwa nota hiyo moja, na uchafu utaondoka.

Najua wapo watakaotaka mahadhi yenye harufu ya kwetu zaidi, na ninawaunga mkono kwa moyo wote. Hijazi, mojawapo ya makamu (ngazi za nota) za muziki wa Kiarabu, inaingia kwenye kinanda bila shida: D, E flati, F shapu, G, A, B flati, C. Siri iko kwenye ule mruko wa nusu-toni 3 kati ya E flati na F shapu. Upite kwa hatua, usiuruke juu kwa juu. Kosa la kila siku ni kuiweka hijazi juu ya zile kordi nne tulizotumia. Zitagongana, kwa kuwa F ya kawaida haimo humu. Besi ikae kwenye D muda mrefu, na kordi zitoke mlemle: D kubwa, E flati kubwa, G ndogo, C ndogo.

Rasti, makamu nyingine, ni kazi zaidi. Ukianzia C, nota ya E na ya B zinashuka takriban robo-toni, na kinanda hakina kitufe hicho. Tumia gurudumu la kukunja sauti (pitch bend). Likiwa na upana wa nusu-toni 2 kila upande, katikati yake ni 8192, na senti 50 chini ni 6144. Andika namba hiyo kwenye kila E na kila B, uirudishe 8192 nota inayofuata. Sauti iwe ya nota moja kwa wakati, kwa sababu gurudumu hukunja kila kilichomo kwenye chaneli. Na hapa rudini kwenye osileta moja tupu. Ukitandaza mawimbi kwa senti 20 huku na huku, robo-toni inafifia ndani ya ukungu, na mzee wa fidla atakuuliza rasti yenyewe iko wapi.

Mwisho kabisa, geuza kazi yote iwe mono uisikilize kwa spika ya simu. Mawimbi yaliyotandazwa kushoto na kulia yanaweza kufutana yakikutanishwa, na spika nyingi mtaani, za dukani na za simu, ni moja tu. Mahadhi yakizama, punguza upana wa sauti kabla hujagusa kipimo cha ukubwa wake.

Fungueni programu zenu sasa. Mapigo 125, kiki peke yake, na mikono juu ya meza.