Ruba akiwa hai ndio chambo

Haya jamani, wazee shikamooni, wengine mambo zenu. Sogeeni basi huku mbele maana hii ndoo ni ndogo na nataka kila mtu aone kwa macho yake.

Hawa ni ruba. Msirudi nyuma, hawanyonyi damu ya mtu. Wale tuliokua tukiwaogopa, wa kung'ang'ania ng'ombe akienda kunywa maji, ni wengine kabisa. Huyu wa hapa Minnesota, Marekani, kitaalamu anaitwa Nephelopsis obscura, anakula konokono na minyoo na mizoga midogo, atakunata tu kidoleni, basi. Na hapa ni kwao kweli, lile ziwa la Leech Lake Waojibwe, wenyeji wa asili wa huku, wenyewe waliliita mahali penye ruba wengi.

Wanategwa kwenye vidimbwi visivyo na samaki, maana samaki wangewamaliza. Mtu anaweka mtego jioni, ndani kipande cha figo ya ng'ombe au kichwa cha samaki, halafu lazima autoe kabla hakujapambazuka, mwanga ukiingia tu ruba wanaachia wanarudi matopeni. Kazi ya usiku hiyo, kwa hiyo bei ikipanda mkumbukeni anayeamka saa tisa kuingia kwenye baridi.

Sasa angalieni hapa, hapa ndipo wengi wanaharibu. Ana ncha mbili. Hii nyembamba ndio kichwa, hii pana yenye kama kisahani ndio mkia. Ndoano ndogo, namba 6 au 8, ipitishe kwenye kisahani, mara moja tu, basi mwache. Unaona? Ukimvuta taratibu ananyooka kama utepe, anaogelea kama hajashikwa, na wolai, yule samaki tunayemvua na ruba, akiona hivyo havumilii. Ukimtoboa katikati anajikunja, unakuwa umening'iniza kifundo tu majini. Chubwi iwe nyepesi, na boya lisiwe kubwa, samaki akihisi uzito anatema.

Maji yakiwa baridi sana, chini ya nyuzi 10 za Selsiasi hivi, anajikunja mwenyewe hata umtoboe vizuri vipi. Ndio maana msimu wa kuvua wolai ukifunguliwa katikati ya Mei mimi bado natumia visamaki, ruba nawangojea Juni maji yakishapata joto, jioni jioni jua likizama.

Kuwatunza ni friji na maji safi, ubadilishe kila siku. Lakini yasiwe ya bomba yenye klorini tafadhali! Mwaka wangu wa kwanza nilinunua boksi zima, nikajaza ya bomba, asubuhi wote wamelala chini, weupe, laini kama uji. Iliniuma, ni viumbe hai wale na nimewaua bure kwa kutouliza. Siku hizi nanunua maji ya chemchemi ya chupa.

Na wanaobaki msiwamwage ziwani, nawaomba sana. Sheria inakataza, funga kwenye mfuko tupa kwenye takataka. Kama unawarudisha nyumbani, maji ya ziwani yamwage pale pale nchi kavu, ujaze yale ya chupa, kwa sababu kwenye kikombe kimoja tu unaweza kubeba vijikome vichanga vya kigeni usivyoviona ukavipeleka ziwa jingine, na vikishaingia havitoki tena.

Haya dada wewe uliye mbele, loanisha vidole kwanza. Mshike huyu. Anza na kisahani.