Saini ya Mzazi na Mkono wa Mtoto

Wazazi wangu, walimu na wataalamu wenzangu, nawashukuru kwa kufika hapa Moshi licha ya mvua hii ya asubuhi.

Nianze na fomu ya ridhaa, maana ndiyo karatasi ya kwanza anayowekewa mama mezani anapomleta mwanawe kwenye tiba ya tabia, yaani kumfundisha mtoto stadi na mienendo kidogo kidogo, kwa zawadi anapofanikiwa. Mara nyingi amepanda magari mawili tangu alfajiri, mtoto analia mgongoni, na fomu yenyewe ni ya Kiingereza. Anaambiwa, "Mama, weka saini hapa," naye anaweka. Hiyo ni saini, bado haijawa ridhaa. Ridhaa huanza pale mama anapoelezwa, kwa lugha anayoielewa, tutamfanyia nini mwanawe na kwa muda gani, ni jambo gani huenda lisisaidie, njia nyingine ni zipi, na kwamba akibadili mawazo katikati hakuna atakayemnunia wala kumnyima mtoto huduma nyingine.

Historia ya fani yetu inatudai uangalifu huo. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 1920, huko Marekani, wanasaikolojia John Watson na Rosalie Rayner walimfundisha mtoto wa miezi 11 kumwogopa panya mweupe kwa kugonga chuma kwa kishindo nyuma yake, wala hawakumwondolea hofu ile.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto mwenye uwezo wa kuwa na maoni haki ya kuyatoa na kusikilizwa katika maamuzi yanayogusa ustawi wake. Na yule asiyezungumza? Nilipokuwa mgeni kazini nilimfundisha mtoto wa miaka 5 kutunga shanga, nikimshika kiganja kumwongoza. Kila mara aliusukuma mkono wangu, polepole, bila kelele, nami nikaandika kwenye faili: "Hatoi ushirikiano." Nilikosea, na inaniuma hadi leo, kwa sababu alikuwa akinijibu. Nilipoacha kumshika na kuziweka shanga karibu naye, alizichukua mwenyewe, nyekundu kwanza.

(Kumleta mtoto na njaa ili biskuti ya zawadi ipate nguvu ni ukatili, na sitalijadili zaidi.)

Kwa hiyo naomba fomu zetu ziongezwe swali moja: mtoto huyu husemaje hapana? Huenda hugeuza uso, huziba masikio, au hushikilia kitasa cha mlango. Mama anajua, tumuulize kabla hajashika kalamu.