Mkanda Hufungwa, Vyuma Hukaza Vyenyewe

NEEMA: Karibuni tena. Leo nimekuja na hasira, kaka Juma. Juzi kikaoni kazini, mkubwa mmoja, kitambi kimemtangulia, anatuambia: "Jamani, mwaka huu tufunge mkanda."

JUMA: Mkanda wake mwenyewe ulikuwa tundu la ngapi?

NEEMA: La mwisho! Hauna pa kwenda tena.

JUMA: (anacheka) Msemo huo unategemea nani anausema. Kufunga mkanda ni kubana matumizi na kuvumilia dhiki. Tumbo likipungua, suruali inataka kuporomoka. Ila sikiliza neno lenyewe: "tufunge." Kuna anayeomba, kuna sisi tunaoombwa, na kilichofungwa kuna siku kitafunguliwa.

NEEMA: Hapo unamwendea Mwalimu.

JUMA: Niende kwa nani tena? Majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera Oktoba 1978, Kampala ikaanguka Aprili 1979, nasi tukabaki na ushindi na hazina tupu. Nyerere akawaomba Watanzania wafunge mikanda kwa miezi 18.

NEEMA: Marehemu bibi alisema hiyo miezi 18 aliihesabu mpaka vidole vikamwishia.

JUMA: Ilirefuka, eeh. Mafuta yalipanda bei duniani, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilishavunjika tangu 1977, sabuni na sukari zikawa za foleni. Na ule ugali wa mahindi ya njano, watu wakauita yanga.

NEEMA: Mimi Simba damu, ningelala njaa.

JUMA: Usingelala. Ungekula na kuomba uongezwe.

NEEMA: Lakini bibi alivaa kanga, kaka. Mkanda angeufunga wapi? Yeye alijifunga kibwebwe.

JUMA: Hapana, hayo mawili usiyachanganye. Kibwebwe ni cha kazi, hata cha ngoma: unajikaza kiunoni uingie uwanjani. Mtu hajalipwa mshahara ukimwambia ajifunge kibwebwe, unamtaka aongeze bidii. Ukimwambia afunge mkanda, unamtaka asile.

NEEMA: Na vijana je? Sijawahi kumsikia dereva wa bodaboda akisema amefunga mkanda.

JUMA: Huyo atakwambia "vyuma vimekaza." Msemo huo ulivuma sana enzi za awamu ya tano, ya Rais Magufuli, watu walipolalamika kwamba pesa imepotea mtaani. Sasa, vimekaza. Nani kavikaza? Hatajwi. Hakuna ombi, hakuna miezi 18.

NEEMA: Na spana huna.

JUMA: Huna! Halafu una faida yake. Mtu akija kukukopa, unamwambia "vyuma vimekaza, ndugu yangu," yameisha. Hakuulizi mshahara umeupeleka wapi, maana hata vyake vimekaza. Ukimjibu "nimefunga mkanda," anajua pesa unayo, umeikalia.

NEEMA: Kweli kabisa. Mimi nikisikia hivyo ndiyo nazidi kuomba.

JUMA: Nakujua.

NEEMA: Sasa yule mkubwa wangu nimjibu nini?

JUMA: Mwambie: "Tumekusikia, mzee, tunafunga. Tarehe ya kufungua ni lini?"

NEEMA: Nina kikao naye kesho saa nne asubuhi.

JUMA: Basi jina langu usilitaje.