Kuhakiki Si Kukosoa

Mwenyekiti, walimu wenzangu, na nyinyi wanafunzi mliobanana huko nyuma, asanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumzie kazi yangu. Nimefundisha Kiingereza chuo kikuu, nimesahihisha insha nisizoweza kuzihesabu, na miaka mingi nilikuwa nasahihisha pasipouma.

Nilikuwa mtu wa kalamu nyekundu. Umoja na wingi havikupatana, mstari. Wakati uliopita umeingiliana na uliopo, mstari. Wiki tatu baadaye naletewa insha nyingine, sarufi imenyooka kidogo, hoja haimo vilevile.

Aliyenizindua ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Swali lilimtaka ahakiki nadharia fulani. Akajaza kurasa nne za kuishambulia, hata jambo moja inalolieleza vizuri hakulitaja. Nikamwita ofisini. "Mwalimu, si umetuambia tukosoe?" Kumbe lile neno la Kiingereza lililokuwa kwenye swali alilichukua kuwa kukosoa, na kukosoa kumetoka kwenye kosa. Basi akatafuta makosa! Nikamwambia ajaribu kuhakiki, neno lenye asili moja na haki na hakika: pima, thibitisha, kila upande uupe haki yake. Akanieleza nadharia ile kwa Kiswahili, dakika kumi hivi, inasimama wapi na inakwama wapi. Insha niliyokuwa naitaka ilikuwa mdomoni mwake muda wote.

Baada ya hapo ndipo nilipoanza kuwasoma watafiti kwa makini. Jim Cummins, huko Kanada, mwaka 1979 alitenganisha lugha ya maongezi na lugha ya masomo. Watoto wa wahamiaji walizoea ya kwanza kwa miaka 2 hivi. Ya pili iliwachukua 5 hadi 7. Mary Lea na Brian Street, mwaka 1998, waliwahoji wahadhiri na wanafunzi katika vyuo vikuu vya Uingereza, wakaona kwamba kila somo lina matarajio yake ya uandishi, na mara nyingi mwalimu mwenyewe hawezi kuyaeleza. Hapo nilijiona. Nilikuwa naandika pembeni "fafanua" na "hoja dhaifu", nikidhani nimefundisha.

Siku hizi darasani kwangu wanasoma makala kwa Kiingereza, wanabishana kwa lugha waliyonayo, wanapanga hoja kwa lugha hiyo, kisha ndipo waandike kwa Kiingereza. Wazo hili sikulibuni mimi. Mtaalamu wa elimu Cen Williams aliliandikia tasnifu huko Wales mwaka 1994, akiwaangalia walimu wanaopokezana Kiwelshi na Kiingereza katika somo moja. Sarufi bado naisahihisha, ila katika rasimu ya mwisho. Kunyoosha sentensi ambayo kesho itafutwa ni kupoteza wino.

Si kazi nyepesi. Kuna kundi linalobishana kwa lugha nisiyoijua hata salamu yake, nami nimesimama pembeni kama mgeni. Hao nawaomba wanipe muhtasari, na wakati wa kunitafsiria mara nyingi wanagundua wenyewe pale hoja ilipolegea.

Wenzangu huniuliza: mtihani si ni wa Kiingereza? Ni wa Kiingereza. Yule mwanafunzi naye aliiandika upya insha yake kwa Kiingereza, kurasa tatu, na vihusishi kadhaa alivikosea. Nilimpa alama ya juu.

Naona mkono umenyooshwa huko nyuma. Karibu, uliza kwa lugha yoyote tunayoelewana humu.