Darubini Zenye Kipima Umbali cha Leza: Leica, Zeiss au Swarovski?

Ndugu watazamaji, hamjambo. Leo ninazungumza nanyi kutoka Wetzlar, mji mdogo wa jimbo la Hessen nchini Ujerumani, ambako Leica wana makao yao na Zeiss wana kitengo chao cha darubini za uwindaji. Nimekuja hapa kwa sababu swali ambalo wawindaji bingwa na waongoza watalii wa Tanzania wamekuwa wakiniandikia linahusu bidhaa za huku: mtu aliyejiwekea akiba ya kununua darubini moja ya maana, yenye kipima umbali cha leza ndani yake, achukue Leica Geovid Pro, Zeiss Victory RF, au Swarovski EL Range kutoka Austria? Bei hazipishani sana, kwani zote tatu huzunguka euro 3,000, yaani zaidi ya shilingi milioni 8 za Tanzania, na kwa fedha za kiasi hicho mtu ana haki ya kuuliza hata mara tatu.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Ile namba ya umbali ambayo wauzaji huitanguliza ndiyo inayostahili kuangaliwa mwisho. Geovid Pro yenye lenzi za milimita 42 hutangazwa kwamba inapima hadi mita 2,950, Victory RF hadi mita 2,300, na EL Range ya ukubwa huohuo hadi mita 2,000, na mtu akizisoma harakaharaka ataona kwamba mashindano yamekwisha na Leica ameshinda. Mkitazama video za Wamarekani, kumbukeni pia kwamba wao hupima kwa yardi, na yardi 2,500 ni mita 2,286 tu.

Namba hizo si za uongo, ila hupatikana pale leza inapoelekezwa kwenye kitu kikubwa kinachorudisha mwanga vizuri, tena hewa ikiwa safi na jua likiwa hafifu. Kifaa hutoa mpigo mfupi wa mwanga usioonekana kwa macho, mpigo huo hugonga shabaha na kurudi, na saa iliyo ndani hupima muda uliotumika. Kitu kilicho mita 1,000 kutoka ulipo humaanisha safari ya mita 2,000 kwenda na kurudi, ambayo mwanga huimaliza kwa takribani mikrosekunde 6.7 (mikrosekunde ni sehemu ya milioni ya sekunde), na ili jibu lisikosewe hata kwa mita moja saa hiyo inapaswa kutofautisha nanosekunde saba hivi, yaani sehemu saba za bilioni za sekunde. Kazi hiyo ya kuhesabu muda vifaa vyote vitatu huifanya vizuri. Tatizo huja pale mwanga unaporudi ukiwa kidogo mno kiasi cha kutotambulika. Bati la nyumba na kibao cha barabarani huurudisha kwa wingi, lakini mgongo wa nyati uliopakaa tope huumeza sehemu kubwa. Ongeza jua la saa saba mchana wa mwezi wa tisa, vumbi, moshi wa nyasi zinazoungua na hewa inayotetemeka kwa joto, nawe usishangae kuona umbali halisi wa kumpima mnyama ukishuka hadi nusu ya ule uliotangazwa, au hata theluthi yake.

Kuna jambo jingine ambalo vipeperushi hulipita kimya. Miale ya leza hutanuka kadiri inavyokwenda, na miale inayotanuka kwa miliradiani moja huwa na upana wa mita nzima inapofika mita 1,000. Swala aliyesimama nyuma ya nyasi ndefu anaweza kukupa jibu la nyasi, au la kichuguu kilicho nyuma yake. Mtumiaji mzoefu hupima mti au udongo ulio sambamba na mnyama, hubonyeza tena, kisha hulinganisha majibu kabla ya kuyaamini.

Sasa niambieni ninyi mlioko kwenye vitalu vya uwindaji: ni lini mara ya mwisho mteja wenu alimpiga nyati kwa umbali wa mita 600? Nyati hufuatwa kwa nyayo mpaka mita chini ya 100, na hata tandala au pofu kwa kawaida hupigwa kwa umbali ambao jicho la mwindaji bingwa hulikadiria bila shida. Mita 2,950 ni za yule anayewinda ng'ambo ya bonde katika milima ya Alps au kwenye nyanda za Wyoming. Kwenu ninyi kipima umbali ni msaada wa kuthibitisha makadirio na, zaidi ya hapo, ni dawa ya ubishi kati ya mteja na mwindaji wake.

Kwa hiyo fedha yenu mnailipa kwa ajili ya vioo. Kitufe cha leza hubonyezwa kwa sekunde moja, ilhali vioo hutazamwa kuanzia alfajiri hadi jioni, na hapa ndipo ninapowaomba mtulie nami kidogo.

Darubini iliyoandikwa 8x42 hukuza mara nane na ina lenzi za mbele zenye kipenyo cha milimita 42. Gawanya 42 kwa nane, upate duara la mwanga la milimita 5.25 linaloingia kwenye mboni ya jicho. Ya 10x42 hukupa milimita 4.2, na ya 10x32 milimita 3.2 tu. Mchana tofauti hiyo haionekani, kwa sababu mboni yenyewe huwa imejibana. Jua likishazama mboni hupanuka, na hapo duara dogo humwacha mtumiaji akitazama kivuli kisicho na pembe wala masikio. Victory RF hupatikana pia kwa lenzi za milimita 54, na ile ya 8x54 hutoa duara la milimita 6.75, karibu kipimo chote ambacho jicho la kijana linaweza kupokea.

Wajerumani huzipenda lenzi kubwa kwa sababu ya sheria yao na ya anga lao. Wanyama wengi wa huku, kama yule paa mdogo wa Ulaya, huruhusiwa kuwindwa hadi saa moja na nusu baada ya jua kuzama, na wakati wa kiangazi mwanga wa jioni hujikokota kwa muda mrefu, hivyo mwindaji hukaa juu ya kichanja chake akisubiri mnyama atoke msituni. Nyumbani kwetu, karibu na Ikweta, jua likizama giza huingia ndani ya nusu saa, kazi imekwisha na watu wanarudi kambini. Kubeba zaidi ya kilo moja shingoni siku nzima kwa ajili ya dakika ishirini za jioni ni hesabu ambayo kwangu haikubali, isipokuwa kwa anayekaa kwenye kibanda cha kumvizia chui, kwa maana dakika hizo ishirini ndizo kazi yake yote.

Nguvu ya ukuzaji nayo ina gharama yake. Mara kumi huonyesha pete za pembe vizuri zaidi, lakini pia hukuza mtikisiko wa mikono, hasa baada ya kutembea kwa miguu juani, na hupunguza upana wa eneo unaloliona: EL Range ya 8x42 huonyesha mita 137 kwa umbali wa mita 1,000, ilhali ya 10x42 huonyesha mita 110. Katika miombo, ambako mnyama huonekana kati ya mashina mawili kisha akatoweka, mimi ningechagua mara nane bila kusita. Wa mbuga za wazi achukue mara kumi.

Yapo mambo ambayo leza yenyewe huyaharibu ndani ya darubini. Ili tarakimu nyekundu zionekane katikati ya picha, na ili mwanga wa leza upite njia ileile ya jicho, watengenezaji huweka utando maalumu kwenye prizimu, yaani vipande vya kioo vinavyopinda njia ya mwanga ndani ya darubini, na utando huo hula mwanga kidogo na wakati mwingine huacha rangi hafifu upande mmoja. Wengi hawaioni mpaka waonyeshwe. Leica, tangu Geovid HD-B, wametumia mpangilio wa prizimu uitwao Perger-Porro, ndiyo maana darubini zao zina kiwiliwili kilichopinda kidogo. Wako wanaouona umbo baya; mimi naona unashikika vizuri.

Kwa waongoza watalii wa Serengeti, na kwa ndugu zetu wa Kenya, ambako uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, nasema bila kuzunguka: msinunue leza. Kwa fedha zilezile Swarovski NL Pure ya 8x42, isiyo na kipima umbali, huonyesha mita 159 kwa umbali wa mita 1,000, na mgeni wenu hatawauliza duma yuko mita ngapi. Nawatoa tu watafiti wanaohesabu wanyama kwa kutembea kwenye mistari iliyopangwa, kwa kuwa makadirio yao ya idadi hutegemea umbali uliopimwa sawasawa.

Tuje kwenye ubongo wa vifaa. Vyote husahihisha pembe: ukiwa juu ya kilima na leza ikakuambia mnyama yuko umbali wa mita 400, chini kwa mteremko wa digrii 30, risasi ilengwe kana kwamba yuko mita 346. Geovid Pro huenda mbali zaidi kwa kuwa na programu ya Applied Ballistics, inayokokotoa mwendo wa risasi, ndani yake, na Victory RF hupokea taarifa za risasi kutoka kwenye simu. Hesabu hizo zina maana kwa anayejua kasi halisi ya risasi ya bunduki yake; asiyeijua hupata jibu lenye desimali nyingi na ukweli mchache. Swarovski katika toleo jipya wameweka msaada wa kumrudisha mtu, kwa dira na simu, mahali pale mnyama aliposimama alipopimwa. Wazo ni zuri, ingawa wafuatiliaji nyayo wa kwetu watacheka wakielezwa.

Mwindaji bingwa wa Tanzania akiniuliza achukue ipi, ningemwelekeza kwenye EL Range ya 8x42, hasa kwa sababu ya uwazi ulio katikati ya mirija yake, ambao huruhusu vidole kuizunguka na mkono mmoja kuishika huku mwingine ukishika fimbo ya kuegemea bunduki. Victory RF ya 8x42 iko nyuma yake kwa unywele tu, na Geovid Pro ningempa yule anayewinda uwandani na wateja wanaopenda kupiga mbali. Vortex Fury ya Kimarekani ni nafuu zaidi na leza yake si haba, lakini jioni vioo vyake hubaki nyuma.

Mkipata nafasi ya kuijaribu, ombeni mtoke nje ya duka. Anzeni kwa kuzungusha kioo cha upande wa jicho wenye tarakimu mpaka tarakimu zenyewe zisomeke kwa ukali, kisha rekebisheni picha kwa gurudumu la kati, ndipo mmalizie na jicho la pili, kwa sababu anayeanza na picha huishia na tarakimu zenye ukungu na kulaumu kiwanda. Tazameni ukingo wa paa dhidi ya anga jeupe kuona kama kuna uzi wa zambarau, na pimeni kichaka cheusi badala ya kibao cha barabarani. Mvaaji wa miwani asiivue.

Zote tatu hutumia betri ya CR2, ambayo si rahisi kuipata vijijini, kwa hiyo nunueni za akiba na kuzibeba kwenye mzigo wa mkononi ndani ya ndege, kama kanuni za betri za lithiamu zinavyotaka. Ndugu anayekuja Ulaya kutembea na anayeishi Tanzania anaweza pia kurudishiwa kodi ya ongezeko la thamani, ambayo hapa Ujerumani ni asilimia 19; mimi mkazi wa huku sina haki hiyo, hivyo msinitume. Katika bei ya euro 3,000 kodi hiyo ni takribani euro 479, kabla ya makato ya wakala. Mwambieni muuzaji kabla ya kulipa ili awape fomu, na uwanjani mwonyesheni afisa wa forodha fomu, stakabadhi na darubini yenyewe kabla ya kukabidhi mizigo, kwa kuwa fomu isiyo na muhuri wa forodha hailipwi. Stakabadhi hiyohiyo mtaihitaji mkifika Dar es Salaam, mtakapoitangaza darubini kwenye dawati la forodha.