Namba Nne za Lamborghini Miura

Shikamooni wazee wangu, vijana, hamjambo. Naona safu za nyuma wamejaa mafundi, basi naanza na swali la kwenu. Mkiletewa magari mawili ya aina moja, mtajuaje lipi lilitangulia kutoka kiwandani? Najua, mtainama kwenye namba ya chesisi, yaani fremu ya gari: lenye namba ndogo ndilo kaka mtu. Kwa Miura, gari la michezo la Lamborghini wa Italia, hapo ndipo mtakapopotea.

Kwanza mjue kwamba gari hili halikuzaliwa chini ya paa moja. Novemba 1965, kwenye maonyesho ya Torino, Lamborghini walionyesha chesisi tupu, haina hata bodi, na watu wakaanza kuulizia bei! Bodi ilionekana Geneva, Machi 1966.

Chesisi iliundwa na karakana ya Marchesi, Modena. Ikasafirishwa hadi Torino kwa Bertone, watengeneza bodi, ikavalishwa bodi aliyoichora kijana Marcello Gandini, ikapakwa rangi na kutiwa viti. Kisha ikarudi upande wa Modena, kijiji cha Sant'Agata Bolognese, kwa Lamborghini wenyewe. Huko ndiko ilikofungwa injini ya silinda 12, imekaa kwa upana nyuma ya dereva, na giaboksi imesubiwa pamoja na bloku. Matoleo ya mwanzo, injini na gia zilinyweshwa oili moja. (Nasikia mafundi mnaguna. Mna haki.)

Sasa, kila mahali palikuwa na daftari lake. Chesisi ina namba, injini ina yake, bodi ya Bertone ina yake, halafu Lamborghini wana namba ya uzalishaji. Namba ya chesisi inagongwa safari ikianza, ya uzalishaji inafuata foleni ya mwisho. Tuseme chesisi moja imekwama kwenye rangi. Iliyo nyuma yake inaipita, na kaka mtu anageuka mdogo mtu.

Ferrari nao wana vituko vyao. Kwa miaka mingi, magari yao ya barabarani yalipewa namba witiri tu, na shufwa zikaachiwa zaidi ya mashindano. Ilipokuja Dino 246, gari la barabarani kabisa, likapewa shufwa. Kwa hiyo ukitoa namba ya kwanza kwenye ya mwisho ukadhani umepata idadi ya magari, umehesabu na ambayo hayakuundwa.

Haya, fundi kule nyuma ameinua mkono tangu nilipotaja oili. Karibu.