Jina Lililo Kwenye Mkono wa Cherehani

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kuja. Cherehani mnayoiona hapa mezani iliundwa Marekani, zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Tazameni mkono wake. Kwa herufi za dhahabu limeandikwa jina la mfanyabiashara wa misumari, majembe, majiko na kufuli, mtu ambaye hakuwahi kuunda hata sindano. Wenye mashine za namna hii huhangaika kutafuta kiwanda chenye jina hilo. Hawakipati, kwa sababu hakikuwepo.

Jina hilo lilifikaje pale? Mwaka 1846 Elias Howe alipata hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake, ya mashine iliyoshona kwa nyuzi mbili, wa juu na wa chini, zikishikana katikati ya kitambaa. Mwaka 1851 Isaac Singer naye akapata yake. Allen Wilson akabuni meno yanayosogeza kitambaa, yale tunayoyaona chini ya sindano mpaka leo. Ikawa hakuna anayeweza kuunda cherehani nzuri bila kugusa hataza ya mwenzake, na kesi zikafuatana mahakamani. Mwaka 1856 wakubwa wakapatana, wakaweka hataza zao katika chungu kimoja. Tangu hapo, mwingine yeyote aliyetaka kuunda cherehani nchini humo aliwalipa kwa kila mashine iliyotoka kiwandani mwake.

Chungu kile kilivunjika mwaka 1877, hataza muhimu ya mwisho ilipoisha muda wake. Hapo ndipo muuza misumari anapoingia.

Baada ya 1877 kuunda cherehani kulikuwa huru. Kuuza ndiko kulikokuwa kugumu. Singer ilikuwa na mawakala waliopita nyumba hadi nyumba, na tangu miaka ya 1850 ilikuwa ikiwaruhusu wateja kulipa kidogo kidogo. Kiwanda kichanga kingewatoa wapi watu wote hao? Lakini muuzaji wa jumla wa vifaa vya chuma alikuwa nao tayari. Alikuwa na maghala karibu na reli, wachuuzi wanaosafiri na katalogi nene, na katika kila mji mdogo kulikuwa na duka lililozoea kuagiza kwake. Aliyeagiza shoka angeweza kuagiza na cherehani katika barua ile ile.

Sasa, kwa nini aweke jina lake? Hapa naomba tutulie kidogo, maana sehemu hii naipenda kuliko zote. Chukua maduka mawili mtaa mmoja, yote yanauza mashine ile ile yenye jina la kiwanda. Mteja atakwenda hapa, atakwenda pale, na bei itashuka mpaka faida iishe. Lakini kila duka likiwa na jina lake juu ya mashine, mteja hana cha kulinganisha. Vilevile, mashine ikidumu miaka 40 sebuleni, jina linalosomwa kila siku ni la duka. Na kiwanda hakikupoteza kitu: kilibadilisha karatasi ya urembo tu, ile inayoloweshwa na kubandikwa kwenye rangi nyeusi kabla ya kupakwa vanishi.

Kiwanda kilichoifanya kazi hii kwa moyo wote ni National, cha Belvidere, Illinois, kilichozaliwa mwaka 1890 kwa kuunganishwa kwa kampuni za June na Eldredge. Kiliunda baiskeli pia, na hata vitu vya kuchezea vya chuma. Davis ya Dayton, Ohio, nayo iliunda mashine zilizouzwa na Sears, kampuni kubwa ya kuuza bidhaa kwa katalogi. Singer yenyewe ilishikilia jina lake na maduka yake.

Kwa hiyo ukitaka kumjua aliyeiunda mashine yako, liache jina. Vuta vile vibamba vya kuteleza karibu na sindano, utazame umbo lake. Toa kikasha cha bobini, kile kinachobeba uzi wa chini: ni kirefu kama mashua, au cha duara? Angalia skrubu ya kukazia uzi imekaa wapi. Kiwanda kilibadilisha maandishi bila shida, lakini kalibu ya kumiminia chuma ni ghali, nayo haibadilishwi kwa ajili ya mteja mmoja. Tarehe za hataza zilizochongwa kwenye kibamba zisikudanganye. Zinakuambia tu kwamba mashine haikuundwa kabla ya hapo. Inaweza kuwa imeundwa miaka 20 baadaye.

Mtindo huu wa kuuza mashine kwa jina la muuzaji haukufa. Baada ya vita vya pili vya dunia viwanda vya Japani viliunda mashine kwa kufuata muundo wa Singer ya aina ya 15, zikauzwa Marekani kwa mamia ya majina.

Sogeeni mbele sasa. Nitailaza hii ubavu, ili kila mmoja apapase kwa mkono wake namba iliyogongwa chini.